Rezista ya omu 1,000 na themostati isiyokuwepo: kisa cha gari la maziwa la Uyole

Gari ni Toyota ndogo ya mizigo, injini 1NZ-FE ya cc 1,497, giaboksi ya otomatiki yenye gia nne. Mwenye nalo ni mama anayekusanya maziwa Rungwe na kuyauza Mbeya mjini. Alfajiri kijana wake analitoa Uyole, anapita Igawilo, anapanda mpaka Isyonje ambako barabara iko juu ya mita 2,000, anashuka Ntokela hadi Kiwira akisimama kwenye vituo vya wafugaji, halafu anageuza na madumu yaliyojaa kuja sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kazi hiyo ina kila kitu kinachokula petroli: baridi, mlima, mzigo na kusimamasimama.

Lalamiko alilokuja nalo kwangu halikuwa la mafuta. "Mwanangu, mafuta nimeshayapunguza," aliniambia tulipomaliza kusalimiana. "Wewe nitazamie kwa nini asubuhi linasumbua kuwaka. Likipona hilo nalipeleka likafungwe ile ya pili." Ya pili ilikuwa ni kifaa cha kudanganya oksijeni sensa, ile inayosoma moshi wa injini na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Fundi wa umeme aliyemfungia ya kwanza, ile iliyopunguza mafuta, alimwahidi kwamba hicho kitashusha ulaji zaidi. Nilimwomba asubiri kidogo kabla ya kulipa. Naeleza hapa kwa nini, na kwa kirefu, kwa sababu magari yenye kisa hiki yamejaa kuanzia Tunduma mpaka Iringa, na pesa inayoteketea humo ni ya watu wasio na pesa ya kuchezea.

Mama ni mtu wa hesabu, na hilo lilitusaidia sana. Daftari lake la maziwa lina kurasa za mafuta: tarehe, kilomita za dashibodi, lita. Kijana anajaza kituo kilekile mpaka bomba linakata lenyewe, kwa hiyo ukigawanya kilomita kwa lita unapata jibu la kuaminika. Wengi wanaosema gari linakunywa wanapima kwa noti: naweka elfu ishirini, haifiki. Kipimo hicho hakisemi kitu katika nchi ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi, tena kwa kila wilaya, na huku kwetu mafuta yakiwa yamepanda kwa malori kutoka bandarini. Kilomita kwa lita ndiyo lugha ya injini.

Daftari lilionyesha vipindi vitatu. Mwanzo gari lilikuwa likienda kilomita 9 na kidogo kwa lita. Kisha mama akanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya dayagnosisi chini ya usukani, chenye vitaa vinavyowakawaka. Ulaji ukabaki palepale. Kisha fundi wa umeme akafanya alichokiita kutyuni kompyuta, na ulaji ukawa bora, kilomita 10 na nusu kwa lita. Asubuhi za kusumbua kuwaka zilianza wiki hiyohiyo, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Kidude nilikichomoa nikampa mkononi. Vingi vya namna hiyo ukivifungua unakuta saketi ya kuwasha vitaa na basi, hakuna kinachozungumza na kompyuta ya gari. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodai kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno.

Kutyuni kompyuta ndiko kulikonivutia. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, nikaifikia, nikafuata waya mmoja mmoja mpaka nikakuta kifundo cha mkanda mweusi. Ndani yake kulikuwa na rezista moja yenye pete ya kahawia, nyeusi na nyekundu, yaani omu 1,000, imechomewa kwa risasi kati ya waya wa sensa ya joto la maji na waya wa ethi wa sensa hiyohiyo. Kazi ya mkono ilikuwa safi, niseme haki yake. Maungio yalikuwa yanang'aa na hakuna waya uliokatwa ovyo.

Sensa ya joto la maji yenyewe ni rezista inayobadilika. Maji yakiwa baridi ukinzani wake ni mkubwa, yakipata moto unashuka. Kwa Toyota za aina hii ni kama omu 2,450 kwenye nyuzi 20 na kama omu 320 kwenye nyuzi 80. Kontrolboksi inapeleka volti 5, inasoma zilizobaki, na kwa hesabu hiyo inajua injini ina joto gani. Ukiweka omu 1,000 sambamba na sensa, ukinzani unaoonekana unapungua, na kompyuta inaamini maji ni ya moto kuliko yalivyo. Ni sawa na kumpa daktari kipimajoto kilichotoka kuchovywa kwenye chai.

Sasa tazama asubuhi ya mama. Uyole mwezi wa Julai gari linalala nje kwenye nyuzi 10 au chini ya hapo. Kwenye nyuzi 10 sensa peke yake ingeonyesha omu karibu 3,800. Ikiwa sambamba na ile rezista, kontrolboksi inaona chini ya 800, na hiyo kwake ni injini yenye nyuzi kama 50. Injini ya nyuzi 50 haihitaji petroli nyingi ya kuwashia, basi nozeli zinazopuliza petroli zinatoa kidogo. Kumbe injini ni baridi kabisa, na petroli kwenye baridi haigeuki mvuke kirahisi. Nyingi inabaki majimaji kwenye kuta za njia ya hewa, na inayofika kwenye silinda haitoshi kuwaka. Starta inazunguka, betri inachoka, kijana anajaribu tena na tena.

Lalamiko alilokuja nalo lilikuwa limepata jibu. Lakini mama aliuliza swali ambalo wengi wetu mafundi tungelikwepa: "Kama hii ni mbaya, mbona mafuta yalipungua?"

Alikuwa na haki. Daftari halikudanganya, mafuta yalipungua kweli, na fundi anayejibu kwamba ni mawazo yake tu anamdharau mteja na kuukimbia ukweli. Kutafuta jibu nilichomoa rezista, nikafunga mashine ya kupimia, nikapanda na kijana mpaka Isyonje na kushuka upande wa pili. Kwenye kupanda, injini ikiwa imebanwa kwelikweli, joto la maji lilifika nyuzi 60 na ushee likagoma hapo. Tuliposhuka kuelekea Kiwira likarudi karibu na 50. Injini hii inatakiwa kufanya kazi juu ya nyuzi 80. Nikamwambia kijana awashe hita. Akatabasamu. "Hita ya hili gari haijawahi kutoa joto, kaka. Sisi tunavaa makoti tu."

Kauli hiyo ilikuwa na thamani kuliko mashine yangu. Dar es Salaam hakuna anayewasha hita, kwa hiyo gari linaweza kukaa miaka bila mtu kugundua. Nyanda za juu hita inatumika, na ukiona injini imeshatembea mwendo mzuri lakini hita bado inapuliza hewa ya ubaridi, mara nyingi maji hayafiki kwenye joto lake. Tuliporudi gereji, nikafungua nyumba ya themostati. Ndani hapakuwa na kitu, ila gundi nyekundu iliyopakwa kwa wingi pale ambapo mpira wa themostati ulipaswa kukaa.

Themostati ni vali ndogo inayoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi kama 82. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na kwenye upepo wa Isyonje rejeta inapoza kuliko injini inavyoweza kupasha. Hapo hasara inaanza, tena haiji kwa mlango mmoja. Kompyuta ikiona injini baridi inaongeza petroli, maana imeandikwa kufanya hivyo. Kwenye giaboksi ya otomatiki ya namna hii, gia ya juu na ile klachi ya ndani ya toki konvata (kiungo cha injini na giaboksi) haziruhusiwi kushika mpaka maji yafike joto fulani, kwa hiyo gari linatembea na mzunguko wa juu bila sababu. Na kwenye kushuka, injini yenye moto ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Ikiwa baridi inachelewa kuzifunga na inazifungua mapema. Barabara ya Tukuyu ina mteremko mrefu. Mafuta ambayo yangekuwa bure yanalipiwa.

Jibu la swali la mama sasa linaonekana. Rezista iliiambia kompyuta kwamba maji ni nyuzi 75 wakati yako 60. Kompyuta ikaacha kuongeza petroli ya baridi, ikaruhusu gia ya juu, ikafunga nozeli kwenye mteremko. Kilomita moja na kidogo iliyoongezeka kwa kila lita ilitoka huko. Haikuwa akiba juu ya kile ambacho gari lisilo na hitilafu lingetumia. Ilikuwa ni sehemu ya hasara iliyorudi, na sehemu nyingine ikaendelea kupotea, kwa sababu injini yenyewe ilibaki baridi hata kama kompyuta iliaminishwa vingine. Nilichomoa kijiti cha oili. Kiwango kilikuwa juu ya alama ya kujaa, na oili inanuka petroli. Petroli isiyogeuka mvuke inateleza kwenye kuta za silinda, inapita ringi, inaingia kwenye oili na kuipunguza uzito. Oili ya namna hiyo haishiki kwenye beringi, na hasara yake haionekani kwenye daftari la mafuta. Inaonekana siku ya kufungua injini.

Kuhusu hatua ya pili, ile ya oksijeni sensa, nilimwonyesha mama kioo cha mashine. Sensa ya gari hili ni ile ya kawaida inayotoa kati ya volti 0.1 na 0.9. Juu ya 0.45 mchanganyiko una petroli ya ziada, chini yake una hewa ya ziada. Namba ilikuwa ikipanda na kushuka bila kuchoka, na marekebisho ya muda mrefu ya kompyuta, yaani petroli inayolazimika kuongeza au kupunguza, yalikuwa karibu na sifuri. Maana yake ni kwamba kila mara kompyuta inapopewa nafasi ya kujirekebisha, inachoma gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, na hapo ndipo ilipokusudiwa kuwa. Hakuna petroli iliyofichwa pale inayongoja kuokolewa.

Kifaa anachouziwa kinaongeza volti kidogo kwenye waya wa sensa ili kompyuta idhani petroli imezidi, iipunguze. Itaipunguza kweli. Lakini mchanganyiko wenye hewa nyingi unawaka polepole, nguvu inashuka, na dereva mwenye madumu yaliyojaa mbele ya mlima wa Isyonje atafanya kile ambacho dereva yeyote hufanya: atakandamiza pedali. Masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, nayo yanafanya kazi yao yote pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu na hiyo 14.7, ukihamia kwenye hewa nyingi, oksidi za naitrojeni zinatoka bila kusafishwa. Na kompyuta nyingi zikiona sensa inasema jambo lisilowezekana zinawasha taa ya cheki injini, zinaacha kuisikiliza, na kurudi kwenye hesabu ya tahadhari ambayo ina petroli zaidi.

Injini za kuchoma mchanganyiko mwepesi zimewahi kuuzwa, tena zilifanya kazi. Honda iliuza Marekani Civic VX ya mwaka 1992 iliyokuwa ikisifika kwa ubahili wa mafuta. Lakini waliijenga hivyo: vali zilizopangwa ili hewa iingie ikizunguka kwa kasi, na sensa ya aina tofauti yenye uwezo wa kupima mchanganyiko mwepesi kwa usahihi. Ni kazi ya wahandisi, kuanzia kichwa cha silinda mpaka programu. Waya mmoja chini ya dashibodi haufiki huko, na anayemuuzia mama wa maziwa ahadi hiyo anamchukulia pesa ya ng'ombe.

Kuna hoja nyingine aliyoambiwa, na inasemwa sana huku: kwamba hewa ya Mbeya ni nyepesi, ndiyo maana magari yanakula mafuta, kwa hiyo lazima kompyuta itengenezwe upya kwa ajili ya nyanda za juu. Kwa gari la kabureta hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Kabureta iliyosetiwa pwani ikija mita 1,700, ambako uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15, inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa iliyopungua, na moshi mweusi unatoka. Gari la EFI, yaani linalopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, linapima hewa inayoingia na kukata petroli kulingana nayo. Nguvu ya juu inapungua, hilo halikwepeki. Ulaji sivyo: hewa nyepesi inalipinga gari kidogo zaidi barabarani, na kwa mwendo uleule throto, yaani mlango wa hewa, inafunguka zaidi, kwa hiyo injini haihangaiki sana kuvuta hewa. Mwinuko wetu si adui wa gari la EFI. Baridi yetu ndiyo inayoliumiza gari lisilo na themostati.

Kabla ya kurudisha themostati ilibidi kujua kwa nini ilitolewa, maana hakuna anayeitoa gari likiwa zima. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu tabia hii imekuwa kama sheria: gari likichemsha, kitu cha kwanza kutupwa ni themostati. Kweli, themostati iliyogoma kufunguka inachemsha injini. Lakini dawa yake ni kuweka nyingine. Kwenye gari hili rejeta ilikuwa imejaa kutu la maji ya bomba, na mfuniko wake spiringi imelegea. Huo mfuniko ni jambo kubwa zaidi Mbeya kuliko pwani. Kwenye mita 1,700 maji ya wazi yanachemka karibu na nyuzi 94, na injini nzima yenye kazi inaweza kufika hapo. Mfuniko mzima unaobana karibu kilopaskali 108 unasukuma kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 115. Ukilegea, maji yanachemka mapema, yanamwagika, na lawama inakwenda kwa themostati.

Tuliosha rejeta mpaka maji yakatoka meupe, tukajaribu feni kama inaitika, tukaweka mfuniko mpya na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Themostati mpya niliichemsha kwanza kwenye sufuria, kipimajoto kikiwa ndani, mama akiangalia. Imechongwa namba 82, na ilipokaribia hapo kisahani kikaanza kujitenga taratibu. Nafunga themostati zote kwa kujaribu hivyo, hata mpya, kwa sababu zimejaa madukani zinazofunguka popote zinapotaka. Tukamwaga oili yenye petroli na kubadilisha filta. Rezista ikatoka, waya zikarudi kama kiwanda kilivyoziacha. Vyote hivyo, pamoja na ufundi, vilimgharimu mama pungufu ya alichokuwa amelipia kidude na kutyuni.

Gari linawaka asubuhi kwa mzunguko wa kwanza wa starta. Kwenye mlima maji yanakaa kati ya nyuzi 84 na 90 na hayateremki tena kwenye mteremko wa Kiwira. Daftari la mama sasa linasoma kati ya kilomita 12 na 13 kwa lita, kwa njia ileile, kijana yuleyule na kituo kilekile cha mafuta. Mabadiliko ya kielektroniki yaliyoleta nafuu hiyo ni moja tu, nalo ni kuondoa yaliyokuwa yamefanywa.

Kilichobaki kiko kwenye mguu na mkono wa dereva. Kijana alikuwa na mazoea ya kuweka nyutro kwenye mteremko akiamini anaokoa. Kwa EFI ni kinyume: kwenye nyutro nozeli lazima ziendelee kulisha injini isizime, ila kwenye gia, pedali ikiachiwa, zinafungwa. Na gari lenye mzigo wa maziwa likiwa nyutro kwenye kona za Ntokela linabaki na breki za miguu peke yake. Hilo ameliacha. La pili ni vituo vya wafugaji, ambako alikuwa akiacha injini inaunguruma wakati maziwa yanapimwa, kwa hofu ya lile tatizo la kuwaka. Hofu hiyo haina sababu tena. Nimemwambia azime kila anapojua atasubiri zaidi ya dakika moja, na mama ameongeza safu nyingine kwenye daftari ili aone tofauti yake mwisho wa mwezi.